Koki kwenye sufuria ya nta: pa kutoboa, cha kufungia, na namna ya kuizuia isigande

Nta ikishazidi kilo tano kwenye sufuria, kuiinamisha kwa vitambaa viwili ili ujaze jagi ni kujitafutia balaa. Sufuria yenyewe nzito, mdomo wake mpana, na nta ya nyuzi 80 za Selsiasi ikikumwagikia mkononi haitiririki ikaondoka. Inashika ngozi na kuendelea kuunguza. Ndiyo maana watengenezaji mishumaa wengi mjini Nairobi, wakitoka kwenye oda za majirani na kuanza kupelekea maduka na hoteli, huanza kuulizia koki.

Wakimwendea fundi, mazungumzo yote huwa ya uvujaji: washa gani (ile pete laini ya kuziba penye nati), gundi gani, nati ikazwe vipi. Uvujaji ni kazi ya nusu saa kwa anayejua anachofanya. Koki nyingi za nta huishia kutupwa kwa sababu nyingine kabisa: kila ikipumzishwa kidogo, nta inaganda ndani yake. Koki iko nje ya sufuria, na nje hakuna joto. Basi kila unapochagua kitu hapa, iwe chuma cha koki au urefu wa shingo yake, jiulize kwanza joto litafikaje pale.

Jiko kabla ya koki

Sufuria yenye koki haikai juu ya meko ya gesi wala jiko la makaa. Hilo halina mjadala. Siku washa italegea, tone la kwanza litaangukia mwali, na nta inayowaka haizimwi kwa maji: maji yanazama chini ya nta, yanachemka papo hapo na kurusha moto huku na huku. Unaizima kwa kuifunika kifuniko na kukata stima, au kwa kizima moto cha unga. Kifuniko kinachotosha sufuria hiyo kiwe karibu na mkono kila mara, hata kama hukitumii kuyeyushia.

Kinachofaa ni jiko la umeme la sahani bapa, wati 1,500 hivi, likiongozwa na themostati, yaani kifaa cha kuwasha na kuzima kulingana na joto. Themostati iliyo kwenye jiko lenyewe inapima joto la sahani, haijui lolote kuhusu nta, kwa hiyo ongeza kidhibiti cha tarakimu chenye waya wa kupimia unaozama ndani ya nta. Vile vidogo vinavyouzwa barabara ya Luthuli kama STC-1000 vinasoma hadi nyuzi 99 na swichi yake inabeba ampea 10. Jiko la wati 1,500 kwa volti 240 linavuta ampea 6.25, kwa hiyo kinatosha. Kiweke kwenye nyuzi 80 hadi 85. Kisha ongeza swichi ya joto ya kukata moja kwa moja, ile ndogo ya duara aina ya KSD301, uchague ya nyuzi 120 na uibane kwenye ukuta wa sufuria karibu na chini, pale ambapo nta haikosi. Kidhibiti kikiganda kikiwa kimewasha, hiyo ndiyo itakayookoa nyumba. Parafini nyingi za mishumaa hutoa mvuke unaoweza kushika moto zikikaribia nyuzi 200, na sahani ya umeme isiyosimamiwa inafika huko bila shida. Waya wa ardhi wa plagi ya miguu mitatu uunganishwe na mwili wa sufuria pia.

Na yule anayependa kuyeyushia juu ya maji? Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi na nta haiwezi kupita hapo. Ni kinga nzuri. Taabu ni kwamba koki italazimika kupita kuta mbili, ya sufuria ya ndani na ya nje, na kila ukuta ni mahali pengine pa kuvuja. Na safari hii kinachoingia kwenye nta ni maji. Kama lazima utumie maji, tumia trei ya chini badala ya sufuria ya pili: ukingo wake usizidi sentimita 4, sufuria ya nta ikae juu ya pete ya chuma ya milimita 15, na maji yafike milimita 30. Koki inapita juu ya ukingo. Utakuwa ukiongeza maji mara kwa mara, maana trei pana inakauka haraka.

Vifaa

Tuchukue sufuria ya alumini yenye upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 20. Ikijaa ni lita 14. Ijaze robo tatu tu, lita 10 na nusu, ambazo ni kama kilo 8 za parafini iliyoyeyuka. Kwa wati 1,500 kilo hizo zinachukua nusu saa kwa hesabu ya karatasi, na karibu saa nzima kwa kazi halisi, kwa sababu jiko linapasha hewa ya chumba pia.

Koki iwe ya kufunga kwa robo mzunguko, ile yenye mkono bapa na gololi yenye tundu ndani. Koki za mfereji wa kawaida, za kuzungusha mara tatu nne, zinafunga kwa kipande cha mpira, na mpira huo unavimba ukikaa ndani ya parafini ya moto. Koki ya geti, ile inayofunga kwa kibamba kinachoshuka, nayo inakwama kwenye chembe ya utambi au taka ya nta na haifungi tena sawasawa. Gololi inazungukia kwenye vikalio vya tefloni, plastiki inayovumilia joto, ambavyo nyuzi 85 hazivisumbui. Koki za plastiki zinazokuja na mitungi ya chai, na mabomba yoyote ya PVC, acha kabisa. Zinalainika, mkono unageuka lakini kilicho ndani hakigeuki.

Sasa chuma chake. Hapa watu wanakosana. Stenlesi inapendeza, haichafui nta, inasafishika. Lakini stenlesi inapitisha joto vibaya sana: shaba ya njano inalipitisha takriban mara saba zaidi yake. Koki ya stenlesi iliyofungwa kwenye sufuria ya nyuzi 80 inaweza kuwa moto shingoni na baridi kwenye mkono, na nta inaganda katikati. Ya shaba inavuta joto la sufuria hadi mdomoni. Kwa parafini tupu, chukua shaba. Kwa nta ya nyuki, nta ya soya, au parafini uliyoichanganya na stearini (asidi ya mafuta ya kuigandisha nta) asilimia 10, kuna asidi ndani yake inayoila shaba polepole, na nta iliyolala ndani ya koki usiku kucha inatoka na ukijani. Wa nta hizo atumie stenlesi na akubali kazi ya ziada ya kuipasha. Mabati, yaani vile viungo vya chuma vilivyopakwa zinki, havifai popote hapa; nta ya nyuki inakuwa kahawia kwa chuma.

Ukubwa ni nusu inchi. Robo inchi inaganda ukigeuka tu, na robo tatu inatoa nta nyingi kupita uwezo wa mkono.

Cha kupitisha ukutani ni konekta ya tenki ya shaba, ileile mafundi bomba wanayofunga kwenye matenki ya maji. Ina kola upande mmoja, meno yaliyonyooka, na nati ya kubania. Nipo ya kawaida ya bomba, kile kipande kifupi chenye meno pande zote mbili, haifai kwa sababu meno yake yanapanuka kuelekea katikati, na nati inakwama kabla haijafika ukutani. Itupe washa ya mpira inayokuja nayo. Badala yake kata washa mbili kwenye shiti ya silikoni ya milimita 3. Ulizia kwa wauzaji wa gasketi za magari Kirinyaga Road, na kama wanazo za tefloni chukua moja ya upande wa ndani. Tepu nyeupe ya mafundi bomba unaijua. Hiyo nayo ni tefloni na inavumilia hadi nyuzi 260.

Kutoboa na kufunga

Meno ya nusu inchi ya bomba yana kipenyo cha milimita 20.95, kwa hiyo tundu ni milimita 21. Lakini konekta nyingine huitwa za nusu inchi kwa ajili ya bomba linaloingia ndani, huku mwili wake wa nje ni mnene zaidi. Pima yako kwa venia, ile rula yenye taya za kubana, kabla ya kumpa fundi kipimo.

Kitovu cha tundu kikae milimita 35 kutoka chini. Ukishuka zaidi, kola ya ndani itagonga pale ukuta unapopinda kukutana na kitako, na haitalala bapa. Ukipanda zaidi unazidisha nta isiyotoka. Hata kwenye milimita 35, ukingo wa chini wa njia uko kama milimita 27 juu ya kitako, na kwa sufuria ya upana huu hizo ni lita 1.9, kilo moja na nusu, karibu moja ya tano ya mzigo wote inayobaki chini. Kwa nta ya nyuki inayokuja na takataka kutoka Kitui au Baringo hilo ni jambo jema, uchafu unatulia hapo. Kwa nta safi, funga kiwiko cha nusu inchi ndani kikitazama chini, mdomo wake uwe sentimita moja juu ya kitako. Mradi njia yote imejaa nta na mdomo wa nje wa koki uko chini kuliko nta iliyobaki, itaendelea kuvuta hadi hapo. Kwa hiyo mdomo wa nje nao uelekezwe chini kwa kiwiko. Asiyetaka viwiko aweke kibao cha sentimita 2 nyuma ya sufuria mwishoni mwa kazi.

Kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji utapata mtu wa kutoboa kwa dakika chache, lakini sema unachotaka: "Fundi, sitaki patasi, nataka biti ya ngazi," yaani ile ya umbo la pia inayopanua tundu hatua kwa hatua. Namna ya haraka ni kuzungusha vitundu vidogo vidogo kisha kugonga katikati itoke, halafu tupa. Tundu la namna hiyo lina meno na si duara, na washa haiwezi kuficha kosa hilo. Anza na panchi, kisha biti ya milimita 4, kisha biti ya ngazi polepole na tone la mafuta ya kupikia, maana alumini inanata kwenye biti kavu. Lainisha kingo pande zote mbili kwa tupa ya mviringo na msasa wa 120. Pitisha kidole. Kinachokwaruza kidole kitakata silikoni.

Ukuta wa sufuria umepinda, washa ni bapa. Kwa sufuria ya sentimita 30 na washa ya upana wa milimita 30, mwachano pembeni ni chini kidogo ya milimita moja, na silikoni ya milimita 3 inaumeza. Kwa sufuria ya sentimita 18 mwachano unapita milimita moja na robo, na hapo ni afadhali kwanza kubapaza mahali hapo kwa nyundo juu ya gogo. Sufuria nyembamba kabisa, zinazobonyea kwa kidole gumba, zitabonyea na kwa nati; tafuta nene.

Nta ina njia mbili za kutorokea: kati ya washa na ukuta, na kwenye meno yenyewe chini ya nati. Watu huziba ya kwanza wakasahau ya pili. Kutoka ndani, mpangilio ni kola ya konekta, washa ya tefloni au silikoni, ukuta, washa ya silikoni, washa bapa ya chuma, nati, kisha koki. Kola ikiwa ndani, meno hayaguswi na nta hadi washa ya ndani ishindwe. Hilo ndilo zuri la konekta ya tenki kuliko vifaa vya kuunga mwenyewe. Zungushia tepu mara tano au sita pale koki inapoingia, upande wa saa ukitazama ncha ya meno, ili isifumuke unapokaza. Kaza nati kwa mkono hadi ikome, kisha spana robo mzunguko hadi nusu. Mtu mmoja ashike kola ndani isizunguke, maana ikizunguka inaisokota washa. Silikoni ikianza kutokeza pembeni, umepita kiasi. Rudi nyuma kidogo.

Kupima kwa maji baridi hakukuambii kitu. Tia maji, yapashe hadi nyuzi 90 na uyaache nusu saa, koki ikiwa imefungwa na karatasi kavu chini yake. Kisha mwaga, kausha kabisa, na ufungue na kufunga koki mara kadhaa ukiipuliza, kwa sababu gololi inaficha maji ubavuni na tone hilo likikutana na nta ya nyuzi 85 linaishia kwenye mshumaa unaotatarika. Baada ya hapo pima tena kwa kilo mbili za nta. Nta ya moto inapenya mahali maji yanapokataa. Sufuria ikipoa baada ya safari hiyo ya kwanza, kaza nati tena kidogo. Silikoni inakuwa imekaa.

Shingo isigande

Koki ikae karibu na ukuta kadiri mkono wake unavyoruhusu kugeuka. Kila sentimita ya shingo ni sentimita ya kupoza. Ukiona fundi anataka kuongeza kipande "ili koki isimame vizuri", kataa.

Njia bora ya kuipasha ni bamba la alumini la milimita 5 au 6 kati ya sahani ya jiko na sufuria. Kazi yake ya kwanza ni kutawanya joto ili nta isiungue katikati. Ukilikata likazidi sufuria kwa sentimita 6 upande wa mbele, koki inakaa juu ya sehemu hiyo iliyozidi na kupokea joto kutoka chini siku nzima. Kiwiko cha mdomo kipite nje ya bamba, tone lisianguke juu yake. Kisha funika mwili wa koki kwa kamba ya nyuzi za kioo, ile ya milango ya oveni, na foili juu. Kuanzia Juni hadi Agosti, chumba kikiwa na kibaridi cha asubuhi, kifuniko hicho si cha hiari.

Ikiganda hata hivyo, usilazimishe mkono. Kijiti kinachoishika gololi kimezibwa kwa pete ndogo ya tefloni. Ukikisokota kwa spana kinavuja milele. Elekeza mashine ya kukaushia nywele kwenye koki dakika tatu hadi tano, mkono utalegea wenyewe. Kiberiti na mshumaa ni marufuku hapo.

Stima ikipotea katikati ya kazi, toa nta yote upesi ikiwa bado maji. Ikikugandia ndani, kuna hatari moja wengi hawaijui: jiko likirudi linayeyusha chini kwanza, nta iliyoyeyuka inatanuka, na juu kuna kifuniko kigumu. Inaweza kufyatuka. Kabla haijaganda, simamisha fimbo ya chuma katikati hadi kitako. Joto litapanda nayo na kufungua njia. Kama hukuwahi kuiweka, anza na nyuzi 60 na usisimame juu yake.

Mimina kwenye jagi, usimimine kwenye glasi. Koki ya nusu inchi, sufuria ikiwa imejaa, inajaza glasi ya mililita 200 kwa sekunde moja au mbili, na hakuna mkono unaofunga upesi hivyo. Harufu pia iongezwe kwenye jagi, si kwenye sufuria, la sivyo kila kilichobaki kitanukia karafuu wiki nzima. Mililita 100 za kwanza za kila asubuhi zirudishe sufuriani. Ni nta iliyolala kwenye koki, ya joto la chini na mara nyingine ya rangi nyingine.

Kwa rangi, kurudisha huko hakutoshi ukitoka nyekundu kwenda nyeupe. Nta iliyojificha ubavuni mwa gololi hutoka kidogo kidogo kwa glasi nyingi. Ama upitishe nusu kilo ya nta nyeupe ya moto huku ukifungua na kufunga, uiweke kando kwa oda ya waridi, ama uache sufuria ya koki iwe ya nta isiyo na rangi tu na rangi zote uzitie kwenye jagi. Hiyo ya pili ndiyo nafuu.